Hesabu Watu Kwanza, Kisha Keki



Majira ya kipaimara yanapofika katika parokia zetu za Mara, kuanzia Musoma mjini hadi vigango vya Butiama na Bunda, kuna swali linalozunguka majikoni kwa siku kadhaa: keki hii itatosha watu wangapi? Mbele ya mafuta ya Krisma na ujio wa Askofu, swali hilo huonekana dogo, la akina mama peke yao. Mimi naliona ni swali la imani, na wiki hii naomba tukae nalo.

Biblia imelitangulia. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 12, Waisraeli wanakaribia kuondoka Misri. Farao hajalegea, pigo la mwisho linakuja, na mizigo haijafungwa. Katikati ya hayo yote Bwana anampa Musa maelekezo ya mgawo wa nyama. Kama nyumba ina watu wachache wasioweza kummaliza mwanakondoo mmoja, iungane na jirani yake. Na hesabu ifanywe kwa idadi ya watu na kwa kadiri kila mmoja anavyokula. Ni aya ya 4. Mungu anayekwenda kuigawanya bahari anajua pia kwamba mtoto wa miaka mitatu hali sawa na mchungaji aliyeshinda malishoni. Anajua kwamba nyumba hazilingani. Na kwa nyumba ndogo iliyozidiwa na chakula, dawa aliyoiandika ni jirani.

Aya hiyo tutairudia. Kwanza twende jikoni.

Keki nyingi za nyumbani hapa kwetu huokwa kwenye jiko la mkaa. Mama huweka mchanga chini ya sufuria kubwa, akatia ndani yake sufuria ndogo iliyopakwa mafuta na kunyunyiziwa unga, akafunika, kisha akapanga makaa juu ya mfuniko ili moto uje juu na chini. Baadaye huchoma katikati kwa kijiti. Kikitoka kikavu, keki imeiva. Vipimo vya wengi ni robo kilo ya unga wa ngano, robo ya sukari, robo ya siagi na mayai matano. Yai la kuku wa kisasa, bila ganda, lina gramu 50 hivi. La kuku wa kienyeji ni dogo zaidi, kwa hiyo wenye kuku wa kienyeji huongeza la sita. Jumlisha: gramu 750 za vitu vikavu na siagi, na gramu 250 za mayai. Ni kilo moja ya rojo. Maji kidogo hutoka kwa mvuke, inabaki keki ya gramu 900 hivi. Ukitaka kila mtu apate kipande cha gramu 50, kipande cha kutafuna na kusikia utamu wake bila kushiba, keki hiyo ni ya watu 18.

Hapo ndipo penye ugomvi wa kilo. Mwokaji mmoja akisema keki ya kilo moja, ana maana ya kilo ya unga. Mwingine ana maana ya keki nzima ikiwa mizanini pamoja na krimu yake. Kwa vipimo nilivyotaja, ya kwanza inapita kilo tatu na nusu na inalisha watu 70. Ya pili haizidi watu 20. Wazazi wanaoagiza kwa simu bila kuuliza ni kilo ya nini hujikuta siku ya sherehe wamezungukwa na wageni 60 na keki ya wageni 20, na mwokaji hajamdanganya mtu. Ulizeni. Neno moja la kuuliza huokoa aibu ya mchana mzima.

Macho nayo hudanganya. Sufuria yenye upana wa sentimita 30 ukiiweka karibu na yenye sentimita 20, utaiona imezidi kwa nusu tu. Lakini uso wa ile ndogo ni sentimita za mraba 314, na wa ile kubwa ni 707. Kwa kimo kile kile, kubwa inalisha watu mara mbili na robo, na inadai unga mara mbili na robo pia: gramu 560 badala ya 250. Anayeongeza nusu tu ya unga huishia na keki nyembamba kama chapati. Na chombo cha mraba chenye upande wa sentimita 20 hutoa zaidi ya cha duara chenye upana huo huo, kwa zaidi kidogo ya robo, kwa sababu pembe zake nne zina keki na duara halina pembe.

Halafu kuna kukata. Wengi wetu hukata pembetatu kuanzia katikati. Kipande cha kwanza huwa kinene, mkono ukiwa na furaha; cha kumi huwa chembamba, mkono ukiwa na hofu; na ncha za katikati hubomoka zikawa makombo. Afadhali kukata mistari iliyonyooka, kisha mistari ya kuikata ile ya kwanza. Keki ya kawaida yenye kimo cha sentimita 5 hukatwa miraba ya sentimita 4. Keki ndefu ya harusi, yenye kimo cha sentimita 10, hukatwa sentimita mbili na nusu kwa tano, ndiyo maana duara la sentimita 20 lenye kimo hicho hutoa vipande 24 hivi. Mahali ambapo huwezi kujua idadi, kama Butiama watu wanapomiminika kila tarehe 14 Oktoba kumkumbuka Mwalimu Nyerere, au Kiabakari mahujaji wanapokuja Jumapili ya Huruma ya Mungu, kata vidogo kwanza. Kipande kidogo kinaweza kuongezwa. Kikubwa kikishatoka hakirudi.

Nimekaa sana kwenye sufuria kwa sababu naamini mapendo yana vipimo. Lakini hesabu ya keki ni rahisi. Ngumu ni hesabu ya watu.

Kamati zetu za sherehe huhesabu kadi. Aliyechanga kiasi hiki anapewa kadi ya mtu mmoja, aliyechanga zaidi anapewa kadi ya wawili, na idadi ya vipande hufuata idadi ya kadi. Utaratibu huo una sababu zake, nami siwalaumu wanaokesha wakipanga bajeti. Ila tukiusikiliza vizuri, unasema kwamba mtu anaanza kuwapo pale anapochanga. Mathayo, akisimulia ile mikate mitano, anasema waliokula walikuwa wanaume kama elfu tano, kisha anaongeza kwamba wanawake na watoto hawamo katika idadi hiyo. Walikula bila kuhesabiwa. Kwa Yesu chakula kilitosha hata kwa wasioandikwa. Kwetu, asiyeandikwa hapati.

Na nani hao wasioandikwa? Ni wapishi walioamka alfajiri, macho mekundu kwa moshi, wakachambua mchele na kukaanga sato. Ni vijana waliobeba viti vya parokia kwa mkokoteni na watavirudisha usiku. Ni wanakwaya walioimba tangu asubuhi. Ni waendesha bodaboda waliomleta bibi kutoka barabara kuu. Ni watoto wa majirani wanaochungulia kupitia ua wa minyaa, ambao tunawafukuza kwa sauti kali huku ndani tukiimba Mungu ni pendo. Na ni yule mgonjwa ambaye ameambiwa sherehe ipo, akasikia muziki kutoka kitandani, na hakuna aliyemkumbuka.

Nehemia aliwakumbuka. Sura ya 8, watu wamesikia Torati ikisomwa wakaanza kulia, naye akawaambia wasilie, waende wakale vinono na kunywa vitamu, na wawapelekee sehemu wale ambao hawakuandaliwa kitu. Furaha ya Bwana, katika kinywa cha Nehemia, ina sahani inayotoka nje ya nyumba. Nimeona sherehe nyingi zenye maombi marefu ya kufungua na kufunga ambazo hazina sahani hiyo.

Chakula chetu cha kila siku kimetuzoesha vibaya katika jambo hili. Ugali wa muhogo na dagaa huwekwa kwenye sinia moja, watu wakazunguka, kila mmoja akamega kwa mkono wake. Hakuna mgawaji. Ukimega tonge kubwa mno wenzako wanakuona, nawe unapunguza. Kipimo kiko machoni pa wote. Keki ni kinyume chake kabisa: kipimo kiko mkononi mwa aliyeshika kisu. Yeye ndiye anayeamua nani apate, kiasi gani, na nani aambiwe imekwisha. Kwa hiyo nyumba yenye adabu njema kwenye sinia inaweza kudhulumu kwenye keki bila kujua, kwa kuwa chakula hiki kinadai haki ya namna nyingine, haki ya mtu mmoja anayewagawia wengi.

Tazameni kisu kinavyokwenda. Mshereheshaji anawaita wazazi, wanalishwa. Wasimamizi wanalishwa. Wakwe wanakabidhiwa keki yao nzima, imefungwa kwa karatasi ya kung'aa. Kiongozi wa chama anaitwa, mheshimiwa anaitwa, na mimi padri naitwa, nami sijawahi kukosa. Shukrani ni jambo jema, na keki ya wakwe ina heshima yake katika desturi zetu. Lakini mara nyingi kisu huishia hapo. Keki iliyobaki inarudishwa ndani ya nyumba, na walioipigia makofi wanabaki na soda.

Mfalme Daudi alipolileta Sanduku la Agano Yerusalemu, alicheza, akatoa sadaka, akawabariki watu, kisha akafanya jambo ambalo wahubiri huliruka. Samweli wa Pili, sura ya 6, aya ya 19: aliwagawia watu wote, wanaume kwa wanawake, kila mmoja mkate wake, na sehemu nyingine, na keki ya zabibu. Kila mmoja. Mwandishi anataja wanawake makusudi. Mfalme alikuwa na meza kuu kuliko zetu zote, na bado hesabu yake ilianzia kwa aliyesimama nyuma kabisa. Kwangu mimi hicho ni kipimo cha sherehe ya Kikristo, nami nasema wazi kwamba sherehe nyingi za kisakramenti tunazofanya sasa hazikifikii.

Wazee wetu walikuwa na ujuzi ambao tumeupoteza. Wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, sukari na unga wa ngano vilipoadimika. Sukari ilipofika iligawiwa kwa kaya, na balozi wa nyumba kumi ndiye aliyejua kila nyumba ina vichwa vingapi, nani amejifungua, nani ana wageni, nani amefiwa. Keki wakati huo ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Simtakii mtu dhiki ile. Ila ule ujuzi wa kuwajua watu nyumba kwa nyumba, nautamani urudi, na Kanisa letu limeshauwekea mahali. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, waliazimia mwaka 1976 kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe njia yetu ya kuwa Kanisa. Mwenyekiti wa jumuiya anayestahili jina hilo anajua vichwa.

Wapo wanaoniambia: Padri, hesabu ni za watu wasio na imani, Yesu alizidisha mikate, atazidisha na keki. Hapa nakataa kabisa. Katika Marko, sura ya 6, kabla ya muujiza Yesu anawauliza wanafunzi wana mikate mingapi, na anawatuma wakaangalie. Wanarudi na idadi. Kisha watu wanaketishwa katika makundi ya mia na ya hamsini, na yeyote aliyewahi kugawa chakula anajua makundi hayo ni ya nini: hakuna anayerukwa, hakuna anayepata mara mbili. Baada ya kula, vikapu vinahesabiwa, 12. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alizitunga Injili zote nne na Matendo ya Mitume kwa utenzi, vikatoka vitabu vitano mwaka 1996. Na kwa kuwa habari hii imo katika Injili zote nne, ilimbidi aitunge mara nne, ubeti kwa ubeti. Injili haituachii nafasi ya kuipita haraka. Inatuonyesha Bwana anayeweza yote, na bado anataka kujua idadi.

Na katika hesabu ya watu, Bunda kuna jambo lake la pekee. Jimbo la Bunda lilipoundwa mwaka 2010 lilichukua pia Ukerewe, na ndugu wengi huvuka kwa kivuko hadi Kisorya ndipo wapande gari. Kivuko hakijui ratiba ya mshereheshaji. Shangazi anafika saa kumi na moja jioni na mtoto mgongoni, amevaa kitenge chake kipya, anakuta kisu kimeoshwa. Paulo aliwaandikia Wakorintho jambo hili hili, kwamba mmoja ana njaa na mwingine amezidisha, akawaagiza wanapokutana kula wangojane. Kama huwezi kungoja, basi weka vipande pembeni kwa majina yao, vifunike, na mtu mmoja akabidhiwe kuvilinda.

Nami nina hesabu yangu kila Jumapili. Sakristani huchungulia kanisani, akakadiria wakomunikaji, akahesabu hostia. Tunapopungukiwa, hasa vigangoni ambako watu hutembea kilomita nyingi siku ya Misa, ninaimega hostia nusu, kisha robo, na kila mmoja anampokea Kristo mzima. Mtaguso wa Trento ulilitamka hilo mwaka 1551, kwamba Kristo yumo mzima katika kila sehemu. Altareni kipande kidogo hakimpunguzii mtu kitu. Keki haiko hivyo. Mezani kwetu kidogo ni kidogo, na aliyekosa amekosa. Kwa sababu hiyo anayetoka kwenye Ekaristi, ambako hakuna anayepunjwa, anapaswa kuwa mwangalifu zaidi kuliko watu wote anaposhika kisu nyumbani. Mtakatifu Yustino Mfiadini, akieleza Misa ilivyokuwa Roma katikati ya karne ya 2, alitaja kwamba mashemasi waliwapelekea sehemu wale ambao hawakuweza kufika. Wahudumu wa Komunyo ya wagonjwa wanaendeleza kazi hiyo leo. Ninaomba, kwa unyenyekevu, mkoba wa keki uifuate njia ile ile.

Sasa niirudie aya ya 4. Katika jumuiya moja wanaweza kuwapo watoto watano wa kipaimara. Watatu watapikiwa keki kila mmoja kwake, siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo. Mmoja ana mama mjane anayeuza dagaa Mwigobero, Musoma, na wa tano analelewa na bibi. Hao wawili hawatakuwa na keki. Zile tatu zitakaa. Jumatano zitakuwa zimekauka, nyingine watapewa kuku. Na pengine mmoja wa wale wazazi watatu amekopa kwenye kikoba ili keki ya mwanawe isionekane ndogo kuliko ya jirani, naye atalipa riba hadi Krismasi. Mungu alishasema la kufanya: nyumba na iungane na jirani yake. Keki moja ya jumuiya, ya duara la sentimita 30 au mbili za sentimita 20, iliyookwa kwa michango ya unga na mayai, majina matano yakiandikwa juu yake kwa krimu. Watoto watano wameshika kisu pamoja. Roho Mtakatifu waliyempokea asubuhi kwa mikono ya Askofu ni mmoja. Sioni kwa nini keki ziwe tatu na wengine wawili watazame.

Najua jambo hili litawauma baadhi ya wazazi, kwa sababu wamejiandaa mwaka mzima na wanataka mtoto wao aonekane. Ninaheshimu jasho lao. Nawasihi tu wamtazame yule mtoto wa tano, ambaye ni rafiki wa mtoto wao, aliyeketi naye benchi moja la mafundisho.

Basi, wenyeviti wa jumuiya na viongozi wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, ombi langu kwenu wiki hii ni la vitendo. Pitieni nyumba kwa nyumba. Andikeni majina ya watoto wote wa kipaimara, wenye sherehe na wasio na sherehe. Wagonjwa na wazee wasiotoka. Wapishi, wanakwaya, wabeba viti. Wageni wa mbali watakaochelewa. Na watoto wa majirani, wawe wa Kanisa letu au la. Jumlisheni. Gawanyeni kwa 18, mtajua mnahitaji robo ngapi za unga. Upande ambao unga utapungua, parokia itaongeza. Orodha zifike kwa katekista kabla ya Ijumaa jioni, ili Jumamosi mkaa uwashwe tukiwa tunajua tunampikia nani.